Gari Kuukuu na Oili Nzito: Soma Dalili Kwanza

Gari likishatembea kilomita laki mbili na ushee, kila mtu anakuwa mshauri. "Injini imechoka hiyo, weka nzito." Fundi anasema 20W-50, jirani anasema SAE 40 tupu, na muuzaji anakuletea kopo lililoandikwa SF akikuhakikishia kwamba hiyo ndiyo oili ya magari ya zamani. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila mambo mawili yasiyohusiana yamefungwa pamoja: uzito wa oili (yaani unene wake) na kiwango cha ubora wake. Injini iliyolika inaweza kufaidika na oili nzito kidogo. Haifaidiki hata chembe na ubora wa miaka ya 1980.

Ipo aina moja ya injini ambayo wapenda oili za kizamani wana hoja ya haki juu yake, nitaifikia mwishoni. Kwa nyingine zote, anza na dalili.

Kopo linasema nini

Namba kama 15W-40 inahusu uzito tu. Namba ya mwisho ni ya oili ikiwa moto, ikipimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi: 30 huwa kati ya sentistoki (kipimo cha unene wa oili) 9.3 na 12.5, 40 kati ya 12.5 na 16.3, na 50 kati ya 16.3 na 21.9. Namba yenye W ni ya oili ikiwa baridi. Watu wengi huipuuza kwa kuwa hawajawahi kuona barafu barabarani, na hapo wanakosea. Hata kwenye nyuzi 40, joto ambalo hakuna anayeliita baridi, 20W-50 ya kawaida ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Kila unapowasha gari asubuhi, huo ndio uzito ambao pampu inalazimika kuusukuma hadi kwenye kemshafti, mhimili wenye kemu zinazofungua valvu.

Herufi ni habari nyingine. Kwa mfumo wa API (Taasisi ya Petroli ya Marekani), S ni petroli na C ni dizeli, na herufi inayofuata inasonga mbele kadiri masharti yanavyopanda. SF ni ya injini zilizotengenezwa hadi 1988, SG hadi 1993, SJ hadi 2001, SL hadi 2004, SM hadi 2010. SN ilianza 2010 na SP 2020. Kiwango kipya hubeba kazi ya vilivyotangulia, kwa hiyo gari la 1992 linaweza kutumia SN bila hofu. Kurudi nyuma ndiko kubaya. SG ilipoingia 1989 ilileta masharti makali dhidi ya tope jeusi linalojijenga ndani ya injini, na anayerudi SF anarudi kwenye tope hilo. Tena API haitoi leseni mpya kwa SF wala SG, maana yake hakuna anayekagua kilichomo ndani ya kopo hilo. Ukikuta SA, weka chini uondoke: haina viambato vya kulinda injini, na API yenyewe inasema haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1930.

Kwa hiyo ukitaka uzito, tafuta uzito wenye herufi mpya. 15W-40 na 20W-50 za SL au SN zipo. Bei yake inapanda kidogo kuliko ya kopo la SF, na tofauti hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya kushusha injini.

Injini inakula oili

Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kukimbilia oili nzito, na ndiyo yenye majibu mengi tofauti. Kabla ya chochote, pima. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika kumi, futa kijiti cha kupimia, kirudishe, kisha usome. Andika usomaji huo pamoja na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Bila namba hizo mbili, "inakula oili" ni hisia tu. Kuna magari yanayolalamikiwa ambayo kumbe yalijazwa pungufu tangu siku ya kubadilisha.

Ikiwa oili inapungua kweli na hakuna tone chini ya gari, tazama moshi. Mwenye gari mwenyewe huwa hauoni, hivyo mweke mtu nyuma.

Moshi wa bluu ukitoka kwa nguvu mara tu unapowasha asubuhi, kisha ukakata ndani ya dakika moja, ni sili za valvu. Usiku oili imeteremka kidogo kidogo kupitia sili zilizokauka na kulala juu ya pistoni. Sili hizo ni mpira, na mpira ukishakuwa mgumu oili nzito inapunguza tu kasi ya kuteremka. Kubadilisha sili peke yake mara nyingi hakuhitaji kushusha injini, na ni kazi ya bei nafuu kuliko watu wanavyodhani. Moshi wa aina hii nisingeupoteza kwa kubahatisha oili.

Moshi ukitoka unapoteremka mlima mguu ukiwa juu ya akseleta bila kukanyaga, halafu unapokanyaga tena ukatoka wingu zima, bado unatazama eneo hilohilo: sili au gaidi za valvu (mirija ambamo shina la valvu huteleza). Njia ya kuingizia hewa ikiwa imefungwa, mvuto ndani ya silinda unakuwa mkubwa na oili inavutwa kutoka juu.

Moshi unaotoka kila unapokanyaga mafuta kwa nguvu, hasa injini ikiwa na mzigo, unaelekeza kwenye ringi za pistoni. Hapa pima kompresheni mara mbili. Mara ya kwanza kavu. Mara ya pili mimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha injini, pima tena. Namba ikipanda sana, ringi au silinda zimelika. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Ringi zenyewe zina hali mbili ambazo kwa macho ya nje zinafanana. Zinaweza kuwa zimelika, na hapo 40 badala ya 30 husaidia kidogo kwa kuwa utando unakuwa mnene zaidi. Au zinaweza kuwa nzima lakini zimenasa: ringi ya chini, inayokwangua oili ukutani, imezibwa na masizi kwenye mashimo yake ya kurudishia oili. Injini iliyonasa ringi huwa na kompresheni nzuri tu huku ikinywa oili kwa pupa. Ukiiwekea 20W-50 ya SF umeongeza kile kile kilichozalisha masizi. Inayotakiwa ni oili yenye viambato vingi vya kusafisha, herufi mpya, ibadilishwe mapema kuliko kawaida kwa mara mbili au tatu. Sitaahidi kwamba ringi zitaachia. Nyingine huachia, nyingine zimeshaganda.

Kabla ya kulaumu ringi, angalia valvu ya PCV, kile kidude kinachonyonya mvuke wa ndani ya injini na kuurudisha ukachomwe. Kikiziba, shinikizo linajaa ndani na oili inasukumwa popote penye upenyo. Jaribio lake ni rahisi. Injini ikiwa inanguruma polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili na weka karatasi nyepesi juu ya tundu. Karatasi ikivutwa taratibu, mfumo unanyonya. Ikirushwa, ama PCV imeziba ama silinda zinapitisha moshi mwingi kwenda chini. Badilisha PCV kwanza, kwa sababu ni kipuri cha bei ndogo kuliko lita moja ya oili nzuri kwa magari mengi, halafu urudie jaribio.

Taa ya oili inapepesa injini ikiwa moto

Umetoka safari ndefu, umenasa kwenye foleni, feni ya rejeta inavuma, na ile taa nyekundu inaanza kupepesa kila mzunguko wa injini unaposhuka. Ukikanyaga kidogo, inazima. Dalili hii ndiyo hoja kubwa ya wenye kutetea oili nzito, na kwa sehemu wana haki.

Shinikizo la oili ni ukinzani tu: pampu inasukuma, mianya ya beringi inazuia. Mianya ikipanuka kwa kulika, oili inapita kwa urahisi na shinikizo linashuka, hasa oili ikiwa moto na pampu ikizunguka polepole. Oili nzito inapita kwa shida zaidi, hivyo geji inapanda. Ila kupanda kwa geji si sawa na kufika kwa oili. Unaweza kuwa na shinikizo zuri kwenye sensa na oili inayochelewa kufika kwenye kemshafti.

Kwa hiyo usianze kwa kubadilisha oili. Zima injini, pima kwa kijiti. Ikiwa iko chini ya alama, umepata jibu. Ikiwa ipo ya kutosha, nusa kijiti: oili iliyochanganyika na petroli hunuka petroli na huwa nyepesi kama maji, na hakuna 20W-50 itakayobaki 20W-50 petroli ikiendelea kuingia. Kwenye magari ya kabureta yenye pampu ya mafuta inayoendeshwa na injini, kiwambo cha pampu hiyo kikitoboka petroli huteremka moja kwa moja kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwenye ya sindano, tafuta sindano inayovuja au injini inayochoma mafuta mengi kupita kiasi.

Oili ikiwa safi, toa sensa na ufunge geji ya mkono mahali pake. Sensa za zamani hudanganya mara nyingi sana, na watu wamefungua injini nzima kwa sababu yake. Wengi huenda kwa kanuni ya karakana ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini iliyopata moto. Si sheria ya kitabu, na namba ya mtengenezaji wa gari lako ndiyo inayoshinda, lakini inatosha kukuambia kama unaogopa bure. Usomaji ukiwa mdogo kweli, vinavyofuata ni chujio la kunyonyea lililozibwa na tope ndani ya sampu, valvu ya kuachia shinikizo iliyokwama wazi, pampu iliyolika, na mwisho beringi za kranki, mhimili mkuu wa injini.

Ikithibitika ni beringi kulika kidogo, na hakuna mgongano wowote unaosikika, kupanda daraja moja ni uamuzi wa busara: kutoka 30 kwenda 40, au kutoka 40 kwenda 50. Hapo oili nzito inakununulia muda, na ni sawa kuununua ukijua unachonunua. Kukiwa na mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaofuata kasi ya injini, hakuna oili inayotibu. Usiendelee kuendesha.

Kelele za tapeti

Tapeti ni vile vipande vinavyosukuma valvu zifunguke. Sikiliza kelele zinapotokea, kwa maana hapo ndipo jibu lilipo. Tiki-tiki ya sekunde chache baada ya kuwasha asubuhi, kisha kimya, ni oili iliyochelewa kufika juu. Chunguza filta kwanza: filta nzuri ina kiwambo cha mpira kinachozuia oili kurudi chini usiku, na za bei chee huwa nacho cha jina tu. Sababu ya pili ni oili nzito mno. Mtu aliyesikia tiki-tiki akiwa na 10W-40 akapanda hadi 20W-50 ataisikia kwa muda mrefu zaidi asubuhi, na atafikiri injini imezidi kuchoka.

Tiki-tiki inayokuja injini ikishapata moto ni kinyume chake: oili imekuwa nyepesi na tapeti za haidroliki zinashindwa kushika shinikizo. Hapo kupanda daraja moja kunaweza kuituliza. Tapeti zisizo za haidroliki zinahitaji kurekebishwa mwanya kwa fila (bati jembamba la kupimia mwanya), oili haina neno nazo.

Inavuja

Sitakawia hapa. Oili nzito huvuja polepole zaidi, lakini huvuja. Gasketi ya kifuniko cha valvu iliyokauka inabadilishwa saa moja. Sili ya nyuma ya kranki ni kazi kubwa, na kabla ya kuigusa rudia lile jaribio la karatasi, maana PCV iliyoziba husukuma oili kupitia sili nzima. Ukitaka kujaribu oili kwanza, chagua zile zilizoandikwa kuwa za magari yenye kilomita nyingi. Zina viambato vya kulainisha mpira, jambo ambalo 20W-50 ya kawaida haifanyi.

Oili iliyogeuka nyeupe-kahawia yenye povu ni maji. Usijadili uzito wa oili na gasketi ya hedi iliyokufa.

Umeshaweka nzito na matatizo mapya yameanza

Hili huwakuta zaidi wenye magari ya kati, yale ya mwishoni mwa miaka ya 1990 kuja mbele, ambayo kwa macho ni makuukuu lakini ndani yana mifumo inayoendeshwa na oili. Injini yenye VVT (mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka) hutumia shinikizo la oili kuzungusha gia ya kemshafti kupitia vijitundu vyembamba na valvu ndogo ya umeme. Ikipewa oili nzito, gia inachelewa kuitikia. Taa ya injini inawaka, kompyuta inatoa msimbo kama P0011, gari linakosa nguvu au linatetemeka likiwa limesimama. Wengi hununua valvu mpya ya VVT. Kabla ya hapo rudisha uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, badilisha na filta, endesha siku kadhaa. Msimbo ukirudi, safisha kichujio kidogo cha valvu hiyo.

Kikazaji cha mnyororo wa taiming nacho huendeshwa na oili. Mkwaruzo wa mnyororo unaoanza kusikika asubuhi baada ya kubadilisha uzito ni onyo la kuchukua kwa uzito wake.

Dalili nyingine huja kimya kimya. Injini inazunguka kwa uvivu unapowasha, hasa betri ikiwa imechoka. Mafuta yanatumika zaidi kidogo. Filta inafungua njia yake ya dharura kwa kuwa oili baridi haipiti kwenye karatasi, na kwa dakika hizo oili inazunguka bila kuchujwa. Hakuna taa inayokuambia hili la mwisho.

Ukiamua kupanda

Panda daraja moja tu, na upande namba ya moto bila kupandisha ya baridi kama inawezekana. Gari lililokuwa likitumia 5W-30 na sasa linapoteza shinikizo lijaribiwe 5W-40 au 10W-40 kabla ya kufikiria 20W-50. SAE 40 isiyo na W iache kwa mashine zilizoundwa kwa ajili yake. Ukisoma herufi za Ulaya, ACEA A3/B4 ina maana oili haishuki chini ya 3.5 katika kipimo cha unene kwenye joto na msuguano mkali, wakati A5/B5 imeruhusiwa kwenda hadi 2.9, kwa injini iliyolika, A3/B4 ndiyo ya kutafuta. Hii inanishawishi kuliko neno lolote la matangazo mbele ya kopo.

Fahamu pia kwamba 20W-50 ya bei ya chini haibaki 50. Unene wake wa joto hutoka kwenye polima, na polima duni hukatika zikisagwa kati ya beringi na gia za pampu. Baada ya kilomita elfu kadhaa unaweza kuwa unaendesha 40 uliyoilipia kama 50. Taa iliyotulia mwanzo ikianza tena kupepesa katikati ya kipindi cha oili, fikiria hilo.

Pale ambapo oili ya zamani ilikuwa na haki

Injini za zamani, nyingi zikiwa za kabla ya kemshafti zenye roli kuenea, zina tapeti bapa zinazoteleza moja kwa moja juu ya kemu. Msuguano wa chuma kwa chuma pale ni mkali, na kinachouzuia ni kiambato cha zinki na fosforasi. Fosforasi hiyo ikichomwa huharibu kisafisha moshi kwenye ekzosi, ndiyo maana kiwango chake kilibanwa hatua kwa hatua. SM ya 2004 iliweka kikomo cha asilimia 0.08. Wenye magari hayo wakaona kemu zikilika na kuanza kutafuta makopo ya SF na SG, na hapo ndipo uvumi wa "oili ya zamani ni bora" ulipopata miguu.

Kilichosahaulika ni kwamba kikomo hicho kilihusu oili nyepesi: 0W-20, 5W-20, 0W-30, 5W-30 na 10W-30. 15W-40 na 20W-50 hazikufungwa nacho. Mwenye tapeti bapa ananunua 20W-50 ya kisasa, anahakikisha karatasi ya data ya mtengenezaji wa oili inaonyesha fosforasi ya asilimia 0.10 hadi 0.12, na tope la SF analiepuka. Dalili ya kemu kulika ni tapeti moja isiyonyamaza hata ukiirekebisha, mwanya unaoongezeka kila mara, na silinda moja kukosa nguvu. Fungua kifuniko cha valvu, zungusha injini kwa mkono, linganisha kimo ambacho kila valvu inafunguka. Ile inayofunguka kidogo kuliko wenzake, kemu yake imekwisha, na kemshafti hubadilishwa pamoja na tapeti zote. Mpya ikifungwa, pakwa bandiko lake la kuanzia, na injini ikiwaka isiachwe ingurume polepole: ishike mizunguko 2,000 hivi kwa dakika 20, kisha umwage oili hiyo na filta yake.